Mama Kipaza na Siku Tatu za Kunong'ona

Mama mkwe wangu hana haja ya kubisha hodi. Akiwa bado yuko kona ya duka la dawa, nyumba nzima inajua kwamba anakuja, amechoka, na anataka kuambiwa ni nani aliyeacha ndoo njiani. Mtaani wanamwita Mama Kipaza, wala si kwa kumsengenya. Wanamwita hivyo mbele yake, naye huitika, na mwitiko wenyewe unasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri humwamsha mumewe akaoge, na kwa jitihada hiyohiyo huuamsha mtaa mzima. Fundi cherehani wa mbele yetu, mama wa makamo asiyepitwa na jambo, aliigawa saa yake ya mezani zamani.

Mimi ninanyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Kutwa niko na nyundo, bati linalia, majirani wanasonya. Basi nikikuambia kwamba katika familia hii mimi ndiye mpole, nadhani umenielewa. Mimi na mke wangu tuna vyumba viwili katika ua wa wakwe zangu, na kwa miaka mitano nimekuwa nikijibu "Ndiyo, Mama" kabla ya kusikia swali.

Kitu nilichokuwa nakijua kwa kusimuliwa tu ni kazi yake. Mama Kipaza ni muuguzi, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mke wangu aliniapia kwamba katika chumba kile hakuna anayepaza sauti, na kwamba anayesimamia kimya hicho ni mama yake. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilimwambia heri aniambie fisi analinda bucha.

Halafu mimba ya mke wangu ikafika wiki ya ishirini na nane na presha ikampanda. Walimlaza, wakamchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na Jumatatu saa tatu asubuhi wakampasua. Alitoka binti. Kilo moja na gramu arobaini, yaani pakiti moja ya sukari na kijiko cha ziada.

Mama Kipaza alikuwa zamu. Wenzake walimwomba aende nyumbani, kwamba si vizuri mtu kumuuguza mjukuu wake mwenyewe. Akawajibu, "Nyumbani nikafanye nini? Nikapige kelele?" Walimjua vizuri, kwa hiyo wakamwacha.

Niliitwa kumwona mtoto adhuhuri. Nilinawishwa mikono hadi viwiko, nikavalishwa gauni linalofungwa mgongoni, nikavuliwa viatu. Nilipoingia nikasikia mtu ananiita kwa sauti ya chini kabisa, "Mkwe, pita huku." Nikageuka nikitafuta nani huyo. Alikuwa yeye. Miaka mitano, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia mnong'ono wake. Nilidhani amepata kiharusi.

"Mama, unaumwa?"

"Punguza sauti."

"Nimenong'ona, Mama."

"Nong'ona kidogo zaidi."

Akanisogeza kwenye inkubeta, lile sanduku la kioo lenye joto, kitanda namba nne. Sitajifanya shujaa. Binti yangu alikuwa mwekundu, amefunikwa kofia inayoweza kumtosha chungwa, ana mipira puani, na mkono wake mzima unalingana na kidole changu cha kati. Amelala chali, pua inatazama juu. Huku na huku ya kichwa kuna vitambaa viwili vilivyokunjwa kama soseji ndogo ili kichwa kisiende kushoto wala kulia. Vitambaa hivyo alivikunja Mama Kipaza mwenyewe, na asingemwachia mtu mwingine avikunje.

"Sasa sikiliza, maana sirudii," alisema, na alirudia mara tatu. "Mishipa ya damu ndani ya kichwa chake bado haijakomaa. Ni myembamba kuliko uzi wa jirani yetu pale cherehani. Presha ikipanda ghafla au ikashuka ghafla, mshipa unapasuka, damu inavuja ndani ya ubongo. Kwa njiti, ikivuja, mara nyingi huvuja siku tatu za mwanzo. Basi siku tatu hatumshtui. Kichwa kinakaa katikati. Ukimbadilisha nepi usimwinue miguu juu kama kuku wa kupelekwa sokoni, damu itakimbilia kichwani. Unamwinamisha ubavu taratibu, kichwa na mwili pamoja. Na wewe mdomo ufunge."

"Na ikivuja, Mama?"

"Ina madaraja manne. La kwanza ni doa. Doa mwili unalifuta wenyewe, na watoto wengi wa doa ninakutana nao barabarani wanakimbizana na matairi. Usije ukalia kwa ajili ya doa." Akanyoosha kofia ya mtoto ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "La nne hatulizungumzii leo. Alhamisi saa tatu zinatimia saa sabini na mbili, daktari atampitisha altrasaundi kwenye utosi. Tutaona."

Nilikaa pembeni saa nzima nikimtazama akitawala chumba kile bila sauti. Kifuniko cha pipa la taka alikifunga kitambaa kisigonge. Daktari bingwa mmoja aliingia na viatu vinavyolia ngwe-ngwe. Mama Kipaza alimnyooshea kidole miguuni, na bingwa akavivua, akawazungukia wagonjwa kwa soksi, moja ikiwa imetoboka. Kiongozi mmoja wa dini alikuja kumwombea mtoto wa kitanda namba mbili na akaanza kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Mama Kipaza akamwendea sikioni, "Endelea, Baba, lakini kwa chini. Unayemwomba hana tatizo la masikio." Sala iliyobaki ilikuwa ya midomo tu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba mkwe. Mzee huyu ni dereva wa lori mstaafu, na sikio lake la kulia halisikii sawasawa. Ndilo sikio la upande anaolala mkewe, na sitaongeza neno. Alinisikiliza kwa sikio zima, akafikiri, kisha akaniuliza, "Kama kule wananong'ona, sisi huku tunapayuka kwa ruhusa ya nani?"

Najua, najua. Toka kwetu hadi hospitali ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na hakuna nyundo duniani ingemfikia mtoto yule. Lakini mwanao akiwa ndani ya sanduku la kioo na wewe huruhusiwi hata kumbeba, utafanya chochote utakachoambiwa, na usipoambiwa utabuni chako. Tukazima redio, tukaifunga shuka na kuisukuma uvunguni. Bawaba za geti nikazitia mafuta ya gereji hadi likawa linafunguka kimyakimya. Simu yangu nikaizima ili isilie. Nyundo nikaiweka chini. Nikawa nasugua bodi kwa msasa wa mkono, kazi ya siku moja ikaenda siku tatu. Mzee hasikii minong'ono, kwa hiyo tukaongea kwa ishara. Nikimwashiria chumvi ananiletea kiberiti, nami napokea, nashukuru.

Jambo la ajabu zaidi ni Mama Kipaza mwenyewe. Jioni ya Jumatatu alipita kona ya duka la dawa kimya. Akapita mbele ya fundi cherehani, akatikisa kichwa tu badala ya salamu. Akakuta ndoo njiani, akairuka. Nilipomwambia "Pole na kazi, Mama," akanijibu kwa ule mnong'ono wa wodini, na macho yake yalikuwa mekundu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayejua madaraja yote manne alikuwa anaogopa kuliko mimi niliyeyasikia mchana uleule.

Alfajiri ya Jumanne hakuamsha mtu. Mwenye duka akafungua saa tatu. Watoto wa shule wakachelewa, wakachapa mbio huku shati zinapepea. Fundi cherehani aliamka jua liko utosini, na tangu hapo akawa hatoi jicho getini kwetu. Alimkuta mzee amesimama nje, akamuuliza mjukuu anaendeleaje. Mzee hakusikia swali, ila aliona mdomo unafunguka mkubwa, naye akakumbuka sheria. Akaweka kidole midomoni, akatikisa kichwa polepole.

Kwa fundi cherehani ile ilikuwa taarifa kamili. "Mficha maradhi, kilio kitamfichua," aliwaambia wenzake, kama tulivyokuja kusimuliwa baadaye. "Nyumba ile haijawahi kunyamaza tangu ijengwe. Wanaona aibu kutusumbua. Sisi majirani tukae tu?"

Jumatano saa tisa kasoro alasiri nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua mlango wa gari. Geti, kwa mafuta niliyolitia, halikutoa hata mkwaruzo. Nilipokuja mbele kunywa maji nikakuta uani watu kama ishirini. Wanawake wameketi mikekani, kanga kichwani, wanaume wamekalia mabenchi, kofia mikononi. Sufuria tatu kubwa. Chupa za chai. Mwenye duka amebeba kuni. Hakuna anayesema kitu, maana walikuta nyumba imenyamaza nao wakaheshimu.

Fundi cherehani akaja akanishika mikono yote miwili. "Pole sana, baba," alinong'ona. "Jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa."

Ungekuwa wewe ungeuliza, "Pole ya nini?" Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimezima simu siku tatu. Nikajua papo hapo kwamba hospitali wamenitafuta wakanikosa, wakampigia mtu mwingine, na mtaa mzima umepata habari ya mwanangu kabla yangu. Nikakaa chini pale penye maji ya kufulia. Nilichowaza ni kwamba hata jina hatukuwa tumempa. Nikalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na mpango, na wanawake waliposikia nami nimelia wakaachia vya kwao. Walikuwa wamevibana muda mrefu.

Mzee akatoka ndani anafunga kifungo cha shati. Aliwatazama, akasalimia mkono mmoja mmoja, akajipenyeza kwenye benchi katikati ya wanaume, akainamisha kichwa kama wenzake. Baada ya muda akamgusa mwenye duka begani na kuuliza, kwa sauti yake ya lori, neno lake la kwanza tangu Jumatatu, "Nani amefariki?"

Vilio vikakatika. Watu wakatazamana.

"Si mjukuu wako, Mzee?" fundi cherehani akasema.

"Nani kasema?"

"Nyinyi!"

"Sisi? Sisi hatujasema kitu siku tatu!"

"Ndiyo hivyo!" fundi cherehani akapandisha. "Kimya kingi kina mshindo mkuu! Hatukusikia ndoo, hatukusikia redio, hatukusikia nyundo, Mama Kipaza ananipita ananitikisia kichwa. Tungeelewa nini?"

Nilikuwa nimeanza kuinuka pale majini, sijui nicheke au nimrushie mtu sufuria, ndipo nikamwona mama mkwe amesimama getini. Hatukumsikia. Alikuwa ametoka zamu saa nane kamili na kumwacha mtoto salama, na sasa anaangalia mikeka, sufuria, na mimi niliyelowa hadi mapajani huku macho yamevimba. Mkoba ulimteleza begani ukaanguka. Fundi cherehani akafungua mdomo amweleze, Mama Kipaza akainua mkono, naye akaufunga. Mama mkwe anajua kwamba saa moja inatosha kabisa kwa mshipa kupasuka.

Akatoa simu, akapiga wodini. "Ni mimi," alinong'ona. "Kitanda namba nne."

Watu ishirini wakasogea karibu. Tulisikia sauti ndogo ya muuguzi mwenzake ikiongea ndani ya simu, inaongea, haiishi. Kisha mama mkwe akashusha simu kifuani.

"KAJISAIDIA!" alipiga ukelele. "HAJA KUBWA! NEPI IMEJAA!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yenyewe. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Sijawahi kufurahia kinyesi cha mtu kama siku ile. Baada ya hapo tulipokea nusu saa ya maneno, kila mtu kwa zamu yake: fundi cherehani kwa kumfukia mtoto aliye hai, mumewe kwa kutikisa kichwa ovyo, mimi kwa kuzima simu nikiwa na mgonjwa hospitalini, geti kwa kutolia. Alipomaliza akaketi kwenye mkeka wa msiba, akamiminiwa chai ya msiba, akanywa vikombe viwili. Kikombe cha tatu kilimshinda. Akajifunika uso kwa kanga, akalia, na fundi cherehani aliyekuwa ametoka kutukanwa akamwegemeza begani kwake.

"Bado kesho," mama mkwe alisema ndani ya kanga. "Msidhani yameisha. Bado kesho."

Kesho ikaja. Alhamisi saa tatu tulikuwa watatu kando ya kitanda namba nne: mke wangu kwenye kiti cha magurudumu, mshono bado unamuuma, mimi, na mama mkwe. Daktari wa picha alisukuma mashine yake ndani, akapaka mafuta ya uvuguvugu kwenye utosi wa mtoto, akashusha kile kifaa taratibu. Kioo kikajaa ukungu mweupe na mweusi.

Mama mkwe akageuka akatazama ukuta. Picha za aina hiyo ameziona mamia, anazisoma kuliko baadhi ya madaktari. "Mkwe," alinong'ona, "niangalizie."

"Mama, mimi ni fundi wa bodi."

"Angalia hivyohivyo."

Nikaangalia. Ninajua kutambua bati lililoguswa hata kama limepakwa rangi juu, lakini pale sikutambua kitu. Daktari alisogeza kifaa kushoto, akarudisha, akakodoa macho, akasogeza tena kushoto. Mke wangu alinifinya mkono hadi vidole vikafa ganzi.

"Kuna damu kidogo," daktari alisema. "Upande wa kushoto. Daraja la kwanza. Haijaingia kwenye vyumba vya ubongo."

"Daraja gani?" mama mkwe akauliza ukuta.

"La kwanza, Sista."

"Una hakika?"

"La kwanza."

"Hebu sema tena. Gani?"

Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Nikamsogelea, nikainama sikioni mwake, nikanong'ona jinsi nilivyofundishwa. "Mama. Daraja la kwanza ni doa. Doa mwili unalifuta wenyewe. Watoto wengi wa doa unakutana nao barabarani wanakimbizana na matairi. Usije ukalia kwa ajili ya doa."

"Nani kakufundisha ujinga huo?"

"Wewe, Mama. Jumatatu."

Mke wangu akacheka, akashika mshono, akaomba tusimchekeshe. Mama mkwe akajifuta pua kwa ncha ya gauni, akageuka, akaviweka sawa vile vitambaa viwili ambavyo vilikuwa sawa.

Baada ya wiki moja doa lilikuwa dogo zaidi. Baada ya wiki nne hawakuliona. Baada ya miezi miwili na nusu tulimleta binti nyumbani, kilo mbili na nusu, na jina tayari. Lakini daktari alituambia ukweli wote: picha safi ni habari njema, ila si hati ya mwisho. Tumlete kliniki, tutazame kama mikono yote miwili inashika, kama anafuata kitu kwa macho, kama anageukia sauti. Mama Kipaza alilijua hilo kabla yetu, na kwa sababu alilijua akaendelea kunong'ona. Akiwa chumba kimoja na mtoto, ni mnong'ono. Akitaka kumgombeza mumewe, anamtoa nje hadi karibu na duka la dawa. Mke wangu alimwambia, "Mama, siku tatu zilishapita zamani, ongea tu." Akajibu kwamba atangoja. Nadhani hakuogopa kumshtua tena. Aliogopa kupaza sauti na mtoto asigeuke.

Binti akafikisha miezi sita. Siku moja asubuhi binti alikuwa amelala mkekani uani, anatazama juu, na bibi yake ameketi kando yake anamkunjia nepi. Mtu wa mkokoteni akaja akauegesha kwenye geti letu kama la baba yake, akaondoka zake. Mama Kipaza akasahau.

"WEWE! HUO MKOKOTENI UNATAKA UOTE MIZIZI HAPO?"

Kichwa cha mtoto kikageuka. Kile kichwa kilichokaa katikati siku tatu, pua juu, kati ya vitambaa viwili, kilitoka katikati chenyewe, kikaenda kushoto, macho yakamtafuta bibi yakampata.

Mama mkwe aliweka nepi chini. Akainuka polepole, akamzunguka mtoto, akasimama upande wa kulia. Akavuta pumzi.

"MJUKUU WANGU!"

Kichwa kikaja kulia. Halafu binti yangu akacheka, cheko kubwa la ufizi mtupu.

Mama Kipaza alipiga kelele hadi adhuhuri, kushoto, kulia, kushoto. Fundi cherehani akatoka na uzi mdomoni, akasimama ng'ambo ya barabara, akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna!" nikamjibu, nami nikaokota nyundo yangu. "Bibi anaongea na mjukuu wake."